Yai la kuku kama kipimo cha kemikali zinazovunja kromosomu: tathmini baada ya mihula miwili ya matumizi

Tathmini hii inahusu mashine ya kutotolesha ya mayai 96, mayai yenye mbegu tuliyoyanunua kwa trei, na njia ya maabara inayoviunganisha viwili hivyo ili kubaini kama kemikali fulani inavunja kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Vitu hivi huuzwa mahali tofauti na watu tofauti, lakini katika kazi ninayoieleza havitenganiki, na ndiyo maana nimeamua kuvitathmini pamoja. Nimevitumia kwa mihula miwili katika maabara ya kufundishia ya chuo kimoja cha Tanzania Bara, ambako mimi ni fundi sanifu, nikiwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaosoma elimu ya sumu. Maoni yangu nayatoa mapema kwa faida ya msomaji mwenye haraka: njia yenyewe ni nzuri kuliko nilivyotarajia, mashine inatosha ikisimamiwa kwa karibu, lakini mtu atakayemaliza fedha zake zote kwenye mashine kisha akaokoteza mayai sokoni atakuwa amenunua hasara.

Kabla ya kuingia kwenye mayai, wanafunzi wetu walikuwa wakijifunza uharibifu wa kromosomu kwa kutumia ncha za mizizi ya vitunguu. Kitunguu ni rahisi kupatikana, kromosomu zake ni kubwa, na mwanafunzi anayetazama kwenye hadubini kwa mara ya kwanza huziona bila taabu. Tatizo ni kwamba kitunguu hakina ini. Kemikali nyingi zinazodhuru vinasaba huingia mwilini zikiwa hazina makali yoyote, na ni vimeng'enya vya ini vinavyozigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania vinasaba na kuvivunja. Mfano tunaoutumia darasani ni saiklofosfamidi, dawa ya saratani ambayo haifanyi kazi yake mpaka ini liibadilishe kwanza. Wanaopima kemikali kwa kutumia seli zilizooteshwa kwenye sahani au kwa kutumia bakteria huliziba pengo hilo kwa kuongeza dondoo la ini la panya, na dondoo hilo ni ghali, linahitaji kugandishwa kwenye baridi kali tangu kiwandani, na likichelewa uwanja wa ndege siku mbili halina thamani tena. Kufuga panya wenyewe nako kunahitaji nyumba maalumu, wahudumu, na kibali cha kamati ya maadili, mambo ambayo maabara ya kufundishia kama yetu haiwezi kuyabeba kwa ajili ya wiki tatu za mafunzo kwa vitendo.

Yai lenye kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika, linakaa katikati ya hayo yote. Kufikia siku ya 8 ya kuatamiwa, kiinitete cha kuku kina ini linalofanya kazi, na utando unaozunguka kiini cha njano nao una vimeng'enya vya kugeuza kemikali. Moyo unapiga, damu inazunguka, na seli za damu zinazaliwa kwa kasi kubwa. Ni mwili kamili unaojengwa ndani ya chombo kisichohitaji kulishwa wala kufagiliwa. Nakumbuka mwanafunzi mmoja alipomulika yai la siku ya 8 na kuona mishipa ikiwa imetanda kama mizizi, alinyamaza kwa muda kisha akauliza kama tunayo haki ya kulifanyia jaribio. Swali hilo lilikuwa la maana, nami nitalirudia baadaye kwa sababu halistahili kujibiwa kwa sentensi moja.

Njia tuliyoifuata ni ile iliyochapishwa mwaka 1997 na Thorsten Wolf na Niels-Peter Luepke wa Osnabrück, Ujerumani. Luepke alikuwa tayari anafahamika kwa kipimo kingine cha yai alichokitangaza mwaka 1985, ambacho hutazama jinsi utando wenye mishipa unavyoathiriwa na vitu vinavyowasha. Wazo la kutazama kromosomu za kiinitete cha kuku nalo lilikuwapo zamani zaidi, kwani mwaka 1975 Stephen Bloom na T. C. Hsu walionyesha nchini Marekani kwamba mabadilishano kati ya nusu mbili za kromosomu yanaweza kuonekana katika kiinitete cha kuku. Njia ya Bloom inahitaji mtu anayejua kusoma kromosomu moja moja, na kwa kuku hilo ni jambo gumu. Kuku ana kromosomu 78, na nyingi kati ya hizo ni ndogo kiasi kwamba chini ya hadubini zinaonekana kama vumbi. Wolf na Luepke walikwepa ugumu huo kwa kuhesabu viini vidogo.

Hapa Kiswahili kinatubana kidogo, maana neno kiini linabeba kiini cha yai na kiini cha seli kwa pamoja, na mwanafunzi anayesikia «kiini kidogo» anaweza kufikiria yai dogo. Katika tathmini hii, ninaposema kiini kidogo nina maana ya kipande cha kromosomu, au kromosomu nzima, ambacho seli ilipojigawa kilishindwa kujiunga na wenzake, kikabaki pembeni kimejifunga peke yake. Kemikali ikivunja kromosomu, vipande vinabaki nyuma. Kemikali ikiharibu nyuzi zinazozivuta kromosomu kwenda pande mbili, kama kolkisini inavyofanya, kromosomu nzima inabaki nyuma. Kwa njia zote mbili matokeo yanaonekana kama nukta ya zambarau kando ya kiini kikubwa, na mtu yeyote aliyefundishwa vizuri kwa siku mbili anaweza kuitambua.

Watu waliozoea kipimo hiki kwa panya hushangaa kidogo wanapotazama damu ya ndege. Kwa mamalia, seli nyekundu ikikomaa huitupa nje kiini chake kikubwa, kwa hiyo kiini kidogo kinabaki peke yake ndani ya seli tupu na kinaonekana mara moja. Seli nyekundu za ndege ni za duaradufu na hubaki na kiini chake hadi mwisho wa maisha yake, hivyo mtazamaji anapaswa kutafuta nukta pembeni ya kiini kikubwa, na nukta iliyokaa juu au chini ya kiini hicho haitaonekana kamwe. Kwa upande mwingine, ndani ya yai kuna faida ambayo panya mkubwa na binadamu hawana. Kwao wengu huchuja na kuondoa seli zenye kasoro, na ndiyo sababu wapimaji wengi huchukua uboho. Katika kiinitete cha kuku cha siku ya 11 wengu bado haujaanza kazi hiyo ya kuchuja, kwa hiyo tone la damu kutoka kwenye mshipa wa utando linatosha kutoa habari.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mayai yanaingia mashineni siku ya kwanza, siku ya 8 yanamulikwa, mpaka wa kifuko cha hewa unachorwa kwa penseli, ganda linafutwa kwa spiriti, linatobolewa, na kemikali inadondoshwa kwa pipeti juu ya utando wa ndani. Tundu linazibwa kwa utepe na yai linarudi kwenye joto. Siku ya 11 ganda linafunguliwa, damu inachukuliwa kwa mrija mwembamba wa kioo, inapakwa kwenye slaidi, inakaushwa, inalowekwa kwenye methanoli na kutiwa rangi ya May-Grünwald na Giemsa. Kisha inakuja kazi ya kuhesabu, seli 1,000 kwa kila yai.

Sasa niseme kuhusu mashine, ambayo tuliinunua kwa shilingi 420,000 katika duka moja la vifaa vya ufugaji. Ni sanduku la plastiki lenye feni, trei zinazojigeuza zenyewe kila baada ya saa mbili, na kioo kidogo kinachoonyesha joto na unyevu. Kwa mfugaji anayetaka vifaranga inafaa sana, na sina kinyongo nayo. Kwa maabara, hata hivyo, kioo hicho kisiaminiwe. Tulipoweka vipimajoto vitatu vya maabara katika pembe tofauti, mashine ilikuwa ikisema 37.8 wakati trei ya chini ilikuwa 37.0 na pembe iliyo karibu na feni ilikuwa 38.1. Mfugaji hatajali tofauti hiyo, kwa kuwa kifaranga wake atatoka siku ya 21 au siku ya 22. Kwetu ni jambo zito. Kiinitete cha kuku huanza na kizazi cha kwanza cha seli nyekundu, kisha kizazi cha pili kinachukua nafasi yake, na kipimo hiki kinahesabu kizazi cha pili. Yai lililokaa kwenye ubaridi, hata kama kalenda inasema siku ya 11, lina kiinitete kichanga zaidi, lenye mchanganyiko tofauti wa seli, na mwanafunzi anayelilinganisha na yai la trei ya juu anadhani anaona nguvu ya kemikali kumbe anaona nguvu ya feni.

Tuliitatua shida hiyo kwa kuhamisha trei kila asubuhi na kwa kugawa mayai ya kila kundi katika trei zote, badala ya kuweka kundi la kemikali juu na kundi la maji, yaani mayai yanayopewa maji matupu kwa ajili ya kulinganisha, chini. Shida ya umeme tuliitatua kwa betri na inveta, baada ya kukosa umeme kwa saa tano usiku wa siku ya 6 katika muhula wa kwanza na kulazimika kutupa kundi zima. Mashine haina kengele ya kuonya umeme unapokatika. Hiyo naihesabu kuwa kasoro halisi, kwani kengele ya aina hiyo ni kitu cha bei ndogo.

Mayai ndiyo yaliyotufundisha zaidi, na ndiyo yaliyotuumiza zaidi. Muuzaji wa kwanza alituuzia trei mbili kwa shilingi 18,000 kila moja akituhakikishia kwamba banda lake lina jogoo wa kutosha. Tulipomulika siku ya 8, katika mayai 60 tulipata 23 yasiyo na kitu, na mengine 6 yalikuwa na pete ya damu inayoonyesha kwamba kiinitete kilianza kikafa siku za mwanzo. Mayai mawili yalikwisha kuwa viza na yalinuka tulipoyagusa. Nilipompigia simu alisema kwamba mayai yalikuwa mazuri yalipotoka kwake. Inawezekana alisema kweli, maana baadaye tuligundua kwamba aliyakusanya kwa zaidi ya wiki mbili kabla ya kutuletea, na yai lililokaa muda huo hupoteza nguvu ya kuotesha kiinitete hata kama lilirutubishwa vizuri. Tangu hapo hatupokei yai lenye zaidi ya siku 7.

Muuzaji wa pili alikuwa na mayai mapya, karibu yote yakiwa na kiinitete, na nilifurahi mpaka nilipotembelea banda lake na kukuta kuku wake wanapewa antibayotiki kwenye maji. Hakuficha, na kwa desturi ya wafugaji wengi wa eneo letu hilo halikuwa kosa kwake. Lakini dawa anayokunywa kuku huweza kuingia kwenye yai, na sisi tunatafuta athari ya kemikali moja tunayoijua. Hatuwezi kuanza na yai ambalo tayari limebeba nyingine tusiyoijua kiasi chake. Chakula nacho ni hivyo hivyo. Pumba na mashudu yaliyoota kuvu yanaweza kumpa kuku sumukuvu, na sehemu ya sumu hiyo hufika kwenye yai. Kwa kipimo cha kromosomu hili ni sawa na kupima chumvi kwa kijiko kilichotoka kwenye chumvi.

Muuzaji wa tatu, ambaye tunaye hadi leo, ni mama mmoja mfugaji wa kuku chotara aliyekubali kutufungia kundi dogo la mitetea na majogoo wawili, wasiopewa dawa isipokuwa chanjo ya mdondo, na kulishwa chakula kinachohifadhiwa pakavu. Anatutoza shilingi 25,000 kwa trei, na naona bei hiyo ni ya haki. Mama Asha, kama wanafunzi wanavyomwita, huyapanga mayai kwa ukubwa bila kuambiwa, na hilo limetusaidia kuliko alivyojua mwenyewe. Kemikali inawekwa kwa yai, na yai la gramu 40 halilingani na yai la gramu 65: kiasi kile kile kinakuwa kikali kwenye dogo na chepesi kwenye kubwa. Sisi tunapokea yai lenye gramu kati ya 50 na 60 tu, na mengine yote anayarudisha kwa wateja wake wa kawaida.

Maabara kubwa zinazotengeneza chanjo hununua mayai ya kuku waliothibitishwa kutokuwa na maradhi maalumu, na chanjo ya mdondo inayotengenezwa Kibaha ni mfano wa kazi ya mayai inayofanyika hapa hapa nchini kwa ustadi mkubwa. Ningependa siku moja chuo chetu kipate mayai ya daraja hilo. Kwa mafunzo, hata hivyo, kundi dogo linalojulikana historia yake linatosha.

Kuhusu kuhesabu, nitoe onyo ambalo sikulikuta likisisitizwa vya kutosha katika maelekezo tuliyoyasoma. Mwanafunzi akihesabu seli 1,000 katika mayai 6 anapata seli 6,000, na kishawishi cha kuziingiza zote kwenye hesabu kama vipimo 6,000 ni kikubwa. Hivyo sivyo. Kilichopewa kemikali ni yai, na yai ndilo linalohesabiwa. Seli 1,000 za yai moja zimeishi pamoja, zimekula pamoja na zimepata joto lile lile. Ana vipimo 6. Vilevile slaidi zipewe namba za siri na mtu asiyehesabu, kwa sababu viini vidogo ni vichache sana katika mayai yasiyopewa kitu, na jicho linalojua kwamba slaidi hii ni ya saiklofosfamidi litaviona hata kwenye punje za rangi zilizoganda. Tulipoanza kutumia namba za siri, wanafunzi wawili waliokuwa wakitoa hesabu za juu kuliko wengine walirudi kwenye kiwango cha kawaida, na wote wawili walikubali kwa unyofu kwamba awali walikuwa wakijua wanachokitazama.

Saiklofosfamidi ilifanya tuliyotegemea: tofauti na mayai ya maji ilionekana kwa kila kundi la wanafunzi, na hilo kwangu ni kipimo kizuri cha njia inayofundishika. Wanaotaka kurudia wakumbuke kwamba hiyo ni dawa hatari kwa anayeishika. Ishikwe kwa glavu mbili, ndani ya kabati la usalama, na maganda yaliyotumika yasiende kwenye pipa la kawaida wala kwa mbwa wa mtaani.

Sasa nifike kwenye mipaka ya kipimo, kwa sababu nimeona watu wakikisifia kupita kiasi. Yai ni sanduku lililofungwa. Kinachoingia hakitoki kwa mkojo wa mama wala hakipiti tumboni, na kiinitete kinaishi ndani ya takataka zake chenyewe. Marekani walijifunza hili kwa kelele nyingi mwaka 1969, pale matokeo ya viinitete vya kuku vilivyodungwa saiklamati, kionjo kitamu kilichotumika badala ya sukari, yalipotangazwa kwenye televisheni yakionyesha vifaranga wenye ulemavu. Wapinzani walisema kwamba kudunga yai si sawa na kunywa soda, na katika hoja hiyo walikuwa na haki. Marufuku iliyofuata Oktoba mwaka huo ilisimamia matokeo ya uvimbe kwenye vibofu vya panya, si mayai. Naitaja habari hiyo kwa wanafunzi kila muhula, kwa kuwa jibu la «ndiyo» kutoka kwenye yai ni sababu ya kuendelea kuchunguza, na jibu hilo halitoshi kuifunga kesi.

Mpaka wa pili uko kwenye kromosomu zenyewe. Kromosomu kubwa kabisa ya kuku ina jozi za besi, yaani herufi zinazounda vinasaba, takribani milioni 200, wakati zile ndogo zina milioni chache tu. Kipande cha kromosomu kubwa kikivunjika kinatoa nukta inayoonekana. Kromosomu ndogo nzima ikipotea, nukta yake inaweza kuwa ndogo kiasi kwamba mtazamaji anaipita. Binafsi naamini kwamba hii ni sababu tosha ya kutolinganisha idadi za kuku na za panya moja kwa moja, kana kwamba nukta moja ni sawa na nyingine.

Mpaka wa tatu ni aina ya ndege, na hapa sumukuvu ndiyo mwalimu. Mwaka 1960 nchini Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na chanzo kikaja kuonekana kuwa mashudu ya karanga kutoka Brazili yaliyoota kuvu. Kutokana na vifo hivyo ndipo aflatoksini ikatambuliwa, kemikali ambayo ini huigeuza ikashikamana na vinasaba na ambayo leo inahesabiwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka yoyote. Vifaranga vya bata vya siku moja vikawa kipimo cha sumu hiyo, na katikati ya miaka ya 1960 viinitete vya kuku navyo vikatumika Marekani kwa kazi hiyo hiyo. Lakini kuku aliyekomaa anaivumilia aflatoksini kuliko bata mzinga, ambaye ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuikamata sumu ikishageuzwa na kuitoa. Mtu angechagua kuku wakubwa peke yao mwaka ule wa 1960, huenda angesema mashudu yale hayana neno. Nchi zetu zimelipa gharama ya sumu hii kwa maisha ya watu: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya walikufa watu 125, na mwaka 2016 katikati mwa Tanzania, maeneo ya Dodoma na Manyara, walikufa 20. Kwa sababu hiyo naona kipimo cha yai kina nafasi kwetu kuliko mahali pengi, mradi tusisahau kwamba ndege mmoja si ndege wote. Wapo watafiti wa New York waliotumia mayai ya bata mzinga na ya kuku kupima uharibifu wa vinasaba moja kwa moja kwenye ini la kiinitete, na njia hiyo ingetufaa zaidi kwa sumukuvu kuliko damu. Vifaa vyake kwa sasa viko juu ya uwezo wetu. Aflatoksini halisi sijawapa wanafunzi waishike, wala sitawapa katika maabara yetu ilivyo sasa.

Narudi kwenye swali la yule mwanafunzi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 kuhusu wanyama wa maabara inalinda vijusi vya mamalia katika theluthi ya mwisho ya ujauzito, na haikutaja viinitete vya ndege. Uingereza inawalinda ndege pia kuanzia theluthi mbili za kipindi cha kuatamiwa zinapotimia, ambazo kwa kuku ni siku ya 14. Kipimo chetu kinakoma siku ya 11, kwa hiyo kiko ndani ya mipaka yote miwili. Ulaya ilikuwa na sababu kubwa ya kukitafuta kipimo cha namna hii, kwa kuwa tangu Machi 2013 vipodozi ambavyo viambato vyake vimejaribiwa kwa wanyama haviruhusiwi kuuzwa huko, na wenye viwanda wakahitaji njia nyingine ya kujua kama rangi ya nywele inavunja kromosomu. Nilimjibu mwanafunzi kwamba sheria inaruhusu, lakini ruhusa hiyo haitupi uhuru wa kufungua mayai 90 pale ambapo 36 yanatosha. Tangu siku hiyo, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukokotoa idadi ndogo kabisa ya mayai inayohitajika kwa kila jaribio, na siku ya 11 yeye huhakikisha kwamba kila kiinitete kimewekwa kwenye baridi kali mara tu damu inapochukuliwa, bila kuachwa mezani.

Kwa gharama, mbali na mashine ambayo tayari tulikuwa nayo, muhula wa pili ulitugharimu trei tatu za Mama Asha, rangi, slaidi na methanoli. Kwa jumla chini ya nusu ya tulichoambiwa tungelipa kwa kuagiza dondoo la ini la panya peke yake. Ningependekeza mpango huu kwa vyuo vyenye hadubini nzuri na fundi anayeweza kulala karibu na maabara. Kwa shule za sekondari siupendekezi, kwa sababu ya kemikali zenyewe. Kwa kampuni inayotaka cheti cha usalama wa bidhaa yake siupendekezi pia: kazi hiyo iende kwa maabara iliyothibitishwa.

Kwa muhula ujao tumeagiza trei nne, na Mama Asha ameombwa aandike tarehe ya kutagwa kwa penseli juu ya kila yai kabla halijatoka bandani.